Bure, ila Uchangie

Mwaka 2006 mwanamuziki wa Marekani, Derek Webb, aliweka albamu yake Mockingbird mtandaoni ipakuliwe bure kwa miezi mitatu. Hakudai senti. Alichodai ni jina lako, barua pepe yako, namba ya posta ya mtaa wako, na anwani za marafiki watano. Nakala zaidi ya 80,000 zikachukuliwa. Miaka miwili baadaye ikazaliwa NoiseTrade, tovuti aliyoianzisha kwa mtindo huohuo: wewe toa barua pepe, msanii atoe wimbo, na pembeni pawe na sehemu ya bahashishi kwa mwenye moyo.

Naanza na Webb kwa sababu kwake mambo yako wazi. Bure ya mwanamuziki asiye na kampuni nyuma yake ni mwaliko wenye masharti, na masharti yenyewe yameandikwa mlangoni. Ukishaelewa hivyo, si vigumu kuona jinsi wasanii wa namna yake walivyofika kwenye hisani. Badala ya kusema "chukua wimbo, nipe anwani yako", mtu anasema "chukua wimbo, kisha mpe fulani". Palipokuwa na bahashishi ya mwimbaji pakawekwa jina la hospitali, la familia iliyounguliwa na nyumba, la mfuko wa dhamana za mahabusu. Nimesikiliza nyingi za nyimbo hizi kwa muda mrefu, mwanzoni kwa ajili ya tasnifu, baadaye kwa ukaidi tu. Nyingi ni mbovu. Chache ni nzuri kuliko zilivyohitaji kuwa, na hizo ndizo zinazonisumbua.

Kwanza nieleze ubovu. Mfano mkubwa wa wimbo wa hisani wanaoukimbia wasanii wadogo ni ule wa Band Aid wa Desemba 1984, ulioimbwa na mastaa wa Uingereza kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Uliuzwa, haukugawiwa, na ulikusanya fedha nyingi. Ila anwani yake yenyewe inauliza kama watu wale wanajua kwamba ni Krismasi, kuhusu nchi iliyopokea Ukristo karne ya 4 na ambayo huadhimisha sikukuu hiyo Januari 7 kwa kalenda yake. Mwaka 2014, Fuse ODG, msanii mwenye asili ya Ghana, alialikwa kwenye toleo jipya, akakataa kwa sababu ya picha ya Afrika iliyokuwemo. Wimbo ule ulitaka kufanya kazi mbili kwa pamoja, kuchangisha na kumweleza mchangiwa. Kazi ya pili ndiyo iliyouharibu.

Wasanii wa kujitegemea walio makini wamejifunza kuiacha kazi hiyo ya pili. Novemba 2020, baada ya uchaguzi wa Marekani, Phoebe Bridgers na Maggie Rogers waliimba upya wimbo wa Goo Goo Dolls uitwao Iris, wakauweka Bandcamp kwa saa 24 tu, mapato yakaenda kwa Fair Fight, shirika linalotetea haki ya kupiga kura. Ulikuwa wa kulipia, sawa, lakini nautaja kwa sababu mbili. Iris hauna uhusiano wowote na kura. Hakuna mpiga kura anayelia ndani yake, hakuna anayepewa sura wala huzuni aliyochaguliwa na mwingine. Na saa 24 zilipokwisha, ukaondolewa. Sababu hii ya pili nitairudia.

Bandcamp ndiko nyimbo hizi zinakokaa zaidi sasa, kwa hiyo inafaa kujua panavyoendeshwa. Msanii anaweza kumwachia msikilizaji apange bei, kuanzia sifuri. Akiuza, tovuti hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na hushuka hadi 10 mauzo yakifika dola 5,000. Machi 20, 2020, kumbi zilipokuwa zimefungwa kwa korona, tovuti iliacha fungu lake kwa siku moja, na wasikilizaji wakatumia dola milioni 4.3. Ijumaa za namna hiyo zikawa desturi, na wasanii wengi nao wakaacha fungu lao liende kwa wahitaji. Lakini hata bure ina kikomo humo: msanii hupewa upakuaji wa bure 200 kwa mwezi, na ukiisha sharti anunue mwingine, au auze kwanza ndipo aongezewe. Yaani mwenye wimbo uliopendwa sana na wasiotoa kitu anaweza kujikuta analipia ukarimu wake. Sijui kama kuna kejeli iliyopangika vizuri zaidi katika biashara ya muziki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema wimbo wa bure ni mchango wa msanii na basi. Studio imelipiwa na mtu. Mpiga gitaa amepanda daladala mbili. Methali yetu inasema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, na ni kweli, lakini wanaoitaja sana ni wale wanaoomba. Mwaka 2016 NoiseTrade ilinunuliwa na PledgeMusic, jukwaa ambalo mashabiki walichangia albamu kabla haijarekodiwa. Mwaka 2019 PledgeMusic ilianguka ikiwa inadaiwa na wasanii wengi fedha ambazo mashabiki walishazitoa. Hata tamasha la George Harrison kwa ajili ya Bangladesh, Agosti 1, 1971, lenye nia isiyo na doa, sehemu ya fedha zake ilikwama kwa miaka katika mvutano wa kodi. Moyo wa kutoa si shida. Shida ni njia ambayo pesa hupita.

Sisi kwetu tunajua namna nyingine ya kuunganisha wimbo na pesa. Kwenye taarabu msikilizaji akiguswa na ubeti husimama, hucheza taratibu hadi mbele, na kumtunza mwimbaji noti mkononi, watu wote wakiona. Mara nyingine anayetunza wala hamfikirii mwimbaji. Anampelekea ujumbe mtu aliyekaa meza ya tatu. Noti ni usemi. Huwa nakumbuka hilo ninapoona zile picha ndogondogo za wanunuzi chini ya kila albamu ya Bandcamp, zikionyesha nani alilipa. Nao wamesimama, nao wanaonekana. Tofauti ni kwamba katika kutunza, pesa inaishia kwa aliyetoa jasho mbele yako, na usiku ukiisha deni limekwisha.

Tofauti nyingine ni nzito zaidi. Mpango wa "chukua bure, uchangie" unadhani kwamba kwa kawaida wimbo hulipiwa, ndiyo maana kuutoa ni tukio. Kwetu wimbo ulishakuwa bure zamani. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, hukupa nyimbo bure kihalali na kulipia kwa matangazo. Kwingineko madijei na magrupu ya WhatsApp hawaulizi kitu. Huwezi kumshawishi mtu kwa kumpa kile alichonacho tayari.

Rafiki yangu mmoja, mwimbaji asiye na meneja wala lebo, aliliona hilo kwa macho yake. Alirekodi wimbo kwa ajili ya matibabu ya mtoto wa jirani, akausambaza bure WhatsApp, na chini yake akaandika namba ya simu ya mama wa mtoto. Wimbo ni mzuri. Hautaji ugonjwa; ni wa mapenzi, mwepesi, gitaa moja na kwaya ya marafiki watatu. Ulisambaa hadi ukamrudia kutoka kwa watu asiowajua. Michango haikuja. Ilimchukua wiki nzima kugundua sababu: watu walikuwa wanatuma faili bila maelezo. Namba ilidondoka kwenye hatua ya kwanza, wimbo ukaendelea na safari peke yake.

Akarudi studio, akatamka namba ndani ya wimbo, mwanzoni, kama madijei wanavyotamka majina yao. Kwa mhakiki huo ni uharibifu, tarakimu kumi juu ya utangulizi wa gitaa. Mimi nadhani ni uamuzi bora kabisa wa kisanaa aliowahi kufanya. Anazitamka kwa mdundo, mbilimbili, na sauti inapanda kidogo kwenye mbili za mwisho, hivi kwamba kiitikio kinapoingia kinaonekana kujibu namba. Watoto wa mtaa walikuwa wanaiimba. Pesa zikaja, elfu, elfu mbili, mia tano, na matibabu yakafanyika.

Sasa narudi kwenye zile saa 24. Iris ya Bridgers na Rogers iliweza kuondolewa kwa sababu ilikaa mahali pamoja. Wimbo wa rafiki yangu haukai popote. Mtoto alishapona na kurudi shule, na miezi ikapita, lakini meseji za miamala ziliendelea kuingia, pamoja na simu za usiku za watu waliotaka kujua mgonjwa anaendeleaje, na wengine waliotaka maelezo ya matumizi kwa ukali wa mkaguzi. Mama akachoka. Hakuwa ameomba kuwa kiitikio. Akabadilisha laini.

Namba ikiachwa, baada ya muda kampuni huiuza kwa mteja mwingine. Wimbo bado unapigwa. Niliusikia mwezi uliopita kwenye bajaji, namba na yote, dereva akiitamka pamoja na rafiki yangu bila kukosea tarakimu hata moja. Sijui sasa ni ya nani.