Muswada wa 16: mbunge mmoja alivyobadili sheria ya ndoa Quebec

Mbunge aliye peke yake kati ya wanaume hana kura za kuahirisha hata kikao. Ndivyo alivyokuwa Marie-Claire Kirkland-Casgrain katika Bunge la jimbo la Quebec, Kanada. Aliingia Desemba 1961, akatoka Februari 1973, na muda wote huo hakupata mwanamke mwenzake hata mmoja ukumbini. Hata hivyo jina lake ndilo lililoshikamana na Muswada wa 16 wa mwaka 1964, uliompa mwanamke aliyeolewa uwezo wa kisheria. Wanaomsifu huanzia kwenye ujasiri wake. Ujasiri alikuwa nao, ila sheria yenyewe inaonyesha kitu kingine: mwanasheria aliyejua muswada ukatwe wapi ili upite.

Tuanze na kizuizi. Sheria za kiraia za Quebec zina asili ya Kifaransa, na zilikusanywa katika kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1866. Kifungu cha 986 kiliorodhesha watu wasio na uwezo wa kuingia mkataba. Humo walikuwamo watoto, watu waliowekwa chini ya usimamizi kwa amri ya mahakama, na wanawake walioolewa, isipokuwa pale sheria ilipotaja vinginevyo. Binti aliyetimiza miaka 21 aliweza kununua, kuuza, kukopa na kushtaki. Siku ya kuolewa uwezo huo ulimtoka, na kuanzia hapo karibu kila hatua ya kisheria ilihitaji idhini ya mume.

Kirkland-Casgrain aliyajua haya kwa vitabu na kwa maisha. Alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1952 na kuolewa mwaka 1954. Alipokuwa mbunge na kutaka kupanga nyumba mjini Quebec karibu na Bunge, mkataba wa pango ulihitaji sahihi ya mumewe. Bungeni alipiga kura juu ya bajeti ya jimbo zima. Kwa mwenye nyumba, sahihi yake haikutosha.

Wanawake wa Quebec walikuwa wameidai haki hiyo miaka mingi kabla yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali iliunda tume iliyoongozwa na Jaji Charles-Édouard Dorion kuchunguza haki zao za kiraia. Tume ilishikilia kwamba mume ndiye kichwa cha nyumba, na matokeo yake mwaka 1931 yalikuwa haba: mwanamke aliruhusiwa kusimamia mshahara wake mwenyewe. Hapa pana fundisho la kiufundi. Madai ya uwezo wa mke yaliposikika kama madai ya kugawana ukuu wa nyumba, watunga sheria walikataa yote mawili kwa pamoja.

Njia ya kuingia Bungeni aliipata kupitia familia. Baba yake, Charles-Aimé Kirkland, alikuwa mbunge wa chama cha Liberal wa eneo la Jacques-Cartier hadi alipofariki mwaka 1961, na binti akashinda uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi hiyo. Lakini kiti cha kurithi hakipitishi sheria. Kilichomsaidia ni hatua iliyofuata: Desemba 1962 Waziri Mkuu wa jimbo, Jean Lesage, alimteua waziri asiye na wizara maalumu. Cheo hicho huonekana cha heshima tupu, kwa kuwa hakina ofisi kubwa wala bajeti. Kwake kilikuwa na faida mbili. Hakuwa na wizara ya kumlia muda, na alikuwa ameketi kwenye meza ya baraza la mawaziri. Katika mfumo wa bunge wa Kiingereza, muswada binafsi wa mbunge mara nyingi hufia njiani, ilhali ule wa serikali huja na kura za chama tawala nyuma yake. Kwa hiyo kazi ya kushawishi ilipungua: badala ya kuwabembeleza wabunge mmoja mmoja, ilimpasa kwanza kuwapata mawaziri wenzake.

Sasa tuutazame mkato wenyewe. Mwanamke aliyeolewa alifungwa na kamba mbili. Ya kwanza ilimhusu yeye kama mtu: je, anaweza kutia sahihi, kufanya kazi ya taaluma yake, kushtaki na kushtakiwa? Ya pili ilihusu mali: ndani ya ndoa, nani anasimamia nini? Muswada wa 16, ulioanza kutumika 1 Julai 1964, uliikata ya kwanza. Ulisema mke ana uwezo kamili wa kisheria, ila kwa mipaka itokanayo na utaratibu wa mali wa ndoa yake. Wajibu wa kumtii mume uliondolewa. Mke akatajwa kuwa anashirikiana na mume katika kuiongoza familia.

Kamba ya pili iliachwa. Wanandoa wasiokuwa na mkataba waliingia moja kwa moja katika mali ya pamoja, na msimamizi wa mali hiyo alibaki mume. Haki ya kuchagua makazi ya familia nayo ilibaki kwake, ingawa mke aliyekuwa hatarini aliweza kuomba ruhusa ya kuishi kwingine. Mkosoaji ana haki ya kusema kwamba mke wa mali ya pamoja alipewa kalamu bila karatasi.

Lakini tazama kilichofuata. Pengo liliachwa wazi, tena limeandikwa ndani ya sheria yenyewe: mke ana uwezo wote, ila mali ndiyo inayomzuia. Mwaka 1966 Liberal walishindwa uchaguzi naye akahamia upinzani. Hata hivyo mwaka 1969 serikali ya Union Nationale, wapinzani wa chama chake, ilipitisha utaratibu mpya wa mali ya ndoa ulioanza Julai 1970. Katika huo kila mmoja husimamia mali yake, na yaliyochumwa wakati wa ndoa hugawanywa ndoa inapokwisha. Mamlaka ya baba juu ya watoto yaligeuzwa kuwa ya wazazi wote wawili mwaka 1977, na usawa kamili wa wanandoa uliandikwa mwaka 1980. Hatua hizi zote zilipita pasipo yeye kuwa madarakani.

Mtindo huo wa kuanzisha kazi inayokamilishwa na wengine aliurudia. Aliporudi serikalini mwaka 1970 chini ya Waziri Mkuu Robert Bourassa, alishughulikia uundaji wa baraza la kudumu la kuishauri serikali kuhusu hali ya wanawake. Sheria ya kuliunda baraza hilo ilipopitishwa Julai 1973, yeye alikuwa ameshaondoka kuwa jaji.

Hukumu yangu ni kwamba muswada uliopunguzwa ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu kipande alichokichagua kilikuwa kile ambacho kikipita, kilichobaki hakiwezi tena kutetewa kwa hoja. Ukishakiri kwamba mke ana akili ya kuingia mkataba, utasemaje hawezi kusimamia shamba? Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupunguza kwa ufundi na kupunguza kwa woga. Ila gharama isifichwe: mke wa mali ya pamoja alisubiri miaka sita zaidi kabla ya utaratibu mpya kuanza, na hata hapo haukuwafikia moja kwa moja waliokwisha kuolewa. Mbunge anayechagua njia ya hatua kwa hatua huwachagulia pia watu wengine kusubiri, na inampasa kuweza kuwaeleza kwa nini.