Ampea Tatu Zinazoweza Kuua Transista

Amplifaya za krusedi na harusi za uwanjani, kutoka Ruiru hadi Thika, zina adui anayejulikana: spika nne za omu 8 zikifungwa sambamba, mzigo hushuka hadi omu 2 na ampea zinazodaiwa huwa mara nne. Tuchukue mashine yenye volti 60 chanya na 60 hasi, na jozi nne za 2SC5200 na 2SA1943, transista ambazo Toshiba inazipa ampea 15 na wati 150 kila moja. Kinga rahisi hutumia rezista ya omu 0.22 kwenye emita: volti zake zikifika kama 0.65, transista ndogo huamka na kuinyang'anya ile kubwa chakula chake. Hapo ni ampea 3 hivi, sehemu ya tano tu ya kile kinachoruhusiwa na kiwanda. Nani angeogopa?

Lakini joto huzaliwa na ampea zikizidishwa kwa volti. Waya wa spika ukipiga shoti, volti zote 60 huiangukia transista, na 60 mara 3 ni wati 180. Hata tukikumbuka kwamba kila upande hufanya kazi nusu ya muda, hizo ni wati 90. Na zile 150 za kiwanda ni za transista yenye nyuzi 25. Ikifika nyuzi 100, zimebaki 60. Kikomo cha ampea basi sharti kishuke kadiri volti juu ya transista zinavyopanda, na rezista moja zaidi, kutoka njia ya umeme hadi besi ya ile ndogo, huifanya kazi hiyo.

Fundi anayeing'oa kinga hii kwa sababu sauti inakwaruza ana hoja. Koili ya spika huzifanya ampea na volti zisifike kileleni pamoja, na kinga hudhani imeona shoti. Ila kuiachia fyuzi ulinzi ni kujidanganya: fyuzi husubiri iyeyuke, na transista haiisubiri. Afadhali kuongeza jozi, ingawa hata nane zitatoa ampea 24, ilhali omu 2 kwa volti 56, zinazoifikia spika kutoka zile 60, zinataka 28. Kwa spika nne, zifungwe mbili mbili mfululizo, kisha sambamba; mzigo utarudi omu 8, ampea 7. Sauti itapungua, kweli. Mwenye krusedi anayetaka zaidi akodi amplifaya ya pili.