Maji ya Moto kwa Gobori

Gobori, yaani bunduki ya kushindilia, huanza kuoza jioni ileile lilipopigwa. Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ni nchi ya mvua na umande mzito, na mwindaji akilala bila kuosha mtutu, asubuhi kitambaa hutoka ndani yake kikiwa na wekundu wa kutu. Watu husifu shabaha ya mwindaji. Mimi nasifu beseni lake la maji.

Bunduki za kushindilia zilikuja huku na misafara ya kutoka pwani. Miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliifanya Kasongo kitovu cha biashara yake ya pembe na watumwa. Kazi hiyo ya kuteka watu sifa yangu haiigusi. Kisha mataifa yaliyokutana Brussels mwaka 1890 yakapatana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila yakaacha nafasi kwa zile za gumegume zenye mtutu usio na mifereji ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mwenye chuma cha namna hiyo na baruti ya namna hiyo hana budi kuzijua tabia zake.

Na tabia ya baruti hiyo, yaani baruti nyeusi, ni uchafu. Ni makaa, kiberiti na shura, na mwaka 1875 Waingereza wawili, Noble na Abel, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa inapowaka. Sehemu hutoka na moshi, sehemu huganda mtutuni. Masizi hayo yana chumvi ndani yake, hasa kaboneti ya potasi, ileile iliyomo katika majivu ya kuni, nayo hunyonya unyevu wa hewa. Maji huiyeyusha, mafuta hayaiwezi. Anayekimbilia kupaka mafuta anaifungia chumvi pamoja na chuma. Wazee walilijua hili bila maabara, na ndilo linalonifanya niwavulie kofia.

Ujuzi wenyewe huanzia porini. Kila mlio hupunguza upana wa mtutu, na mkono husikia mdeki ukikwama mapema kuliko ulivyokwama mara ya kwanza. Fundi hasukumi kwa hasira. Hupitisha kwanza kitambaa chenye unyevu, kilegeze ukoko na kuzima cheche iliyojificha chini, maana cheche hiyo ikikutana na baruti mpya, kiganja kiko juu ya mdomo wa bunduki.

Nyumbani, mjukuu huchochea moto, mzee huhakikisha kwa mdeki kwamba mtutu ni mtupu, kisha huuchomoa kwenye kitako. Upande wenye kitundu cha kupitishia moto huzamishwa katika maji ya moto. Kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki kikivutwa juu, maji hupanda kupitia kitundu. Kikisukumwa chini, hurushwa nje meusi kama wino, yakinuka yai viza. Harufu hiyo ni ya masalia ya kiberiti yanayokutana na maji, na kadiri inavyofifia mzee anajua amefika wapi. Maji humwagwa, mengine huletwa, mpaka yatoke meupe. Ya mwisho huwa yanachemka kabisa, kwa sababu chuma kilichopata joto hujikausha chenyewe hadi kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Hapo ndipo mafuta yana kazi, tena kidogo tu.

Anayejaza upya maganda ya risasi za kalibri 12 kwa baruti nyeusi hakwepi beseni hili. Hata jeshi la Waingereza, lenye baruti isiyo na moshi, liliwafundisha askari wenye bunduki za Lee-Enfield kumimina maji ya moto mtutuni, kwa kuwa fataki za zamani, zile za kuwashia baruti, nazo ziliacha chumvi yake.

Kesho yake kitambaa hupitishwa tena, kuona kama kuna wekundu. Na siku ya kurudi porini mafuta yote hufutwa, kwani baruti iliyolowa mafuta haiwaki vizuri. Kisha, kwa gobori la fataki, fataki moja hupigwa mtutu ukiwa mtupu, mdomo wake ukielekezwa kwenye jani kavu lililo chini. Jani likiruka, njia ya moto iko wazi, na bunduki inaweza kushindiliwa.