Kumfunda Mwalimu wa Sayansi

Nchini Marekani mwalimu wa darasa la tatu hufundisha karibu kila kitu: kusoma, kuandika, hesabu, maarifa ya jamii, na sayansi pia. Serikali kuu haiandiki mtaala. Kila jimbo huamua lenyewe mtoto wa kila darasa ajue nini na aweze kufanya nini, na tangu 2013 majimbo mengi ama yameridhia viwango vipya vya sayansi vilivyotolewa mwaka huo, ama yameandika vyao juu ya msingi ule ule uliochapishwa na Baraza la Taifa la Utafiti mwaka 2012. Ukivisoma viwango hivyo utaona vinadai jambo zito. Mtoto wa miaka kumi, kwa mfano, anatakiwa atetee hoja kwa ushahidi kwamba mmea hupata vitu vya kuukuza kwa sehemu kubwa kutoka kwenye hewa na maji. Atakayemfikisha huko ni kijana aliyeko chuoni leo, anayependa watoto na vitabu vya hadithi, na ambaye pengine aliagana na fizikia huko sekondari bila kusikitika. Mkufunzi anayemwandaa kijana huyo hasifiwi inavyostahili. Kazi yake ni ufundi kamili, na kiini cha ufundi huo ni kumfundisha mwalimu kusikia anachowaza mtoto. Hilo nalo haliji mpaka mwalimu mwenyewe asikie kwanza anachowaza yeye.

Tubaki kwenye mmea huo huo. Waulize wanachuo: gogo la mwaloni, zito hata watu wawili hawalinyanyui, uzito wake umetoka wapi? Wengi watasema udongoni, na jibu lao lina mantiki, maana mizizi iko ardhini na mkulima hutia mbolea shambani, hatii hewani. Hapo mkufunzi stadi hasahihishi. Huwasimulia jaribio la Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, aliyepanda mche wa mwerebi wenye ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulifika ratili 169 na ushei. Udongo ulipungua aunsi 2 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya yeye kufariki, na hitimisho lake lilikuwa kwamba mti wote umetokana na maji. Sasa wanachuo wanabishana. Udongo umeondoka kwenye orodha ya washukiwa, lakini maji peke yake hayageuki kuwa mbao, na mbao ikichomwa huacha makaa. Kuna atakayekumbuka usanisinuru na kuitaja kanuni yake bila kukosea, kaboni dioksaidi ikiwemo, kisha akauliza kwa mshangao wa kweli: hewa inawezaje kuwa kitu kizito kama gogo? Swali hilo ndilo mkufunzi alilokuwa analingojea. Kanuni ilikuwa kichwani miaka yote, na chini yake imani kwamba hewa ni kama si kitu ilikuwa imekaa salama bila kuguswa. Basi mpira wa miguu unawekwa kwenye mizani nyeti, unasomwa, unajazwa upepo kwa pampu, unapimwa tena. Gramu zimeongezeka. Ni chache, lakini haziwezi kukanushwa, na tangu hapo kaboni dioksaidi ya kwenye kanuni inaanza kuwa na uzito wa kujengea mti.

Kuna wanaosema njia hii ni ndefu bila sababu: kama mwalimu hajui sayansi, aongezewe kozi za sayansi. Hoja hii ina uzito wake, kwa sababu mwalimu asiyejua somo hawezi kulifundisha hata awe na upendo kiasi gani. Lakini kozi za kawaida za chuo kikuu zimejaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1987 filamu ya kielimu iliyotengenezwa katika kituo cha elimunyota cha Harvard na Smithsonian iliwahoji wahitimu, wanafunzi na wahadhiri wa Harvard siku ya mahafali, ikiwauliza kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi, au kwa nini mwezi hubadili umbo. Kati ya 23 waliohojiwa, 21 walitoa maelezo yenye kosa. Juu ya majira, kosa lililojitokeza zaidi ni kwamba dunia hukaribia jua wakati wa joto, ilhali dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, Boston ikiwa kwenye theluji. Hawa hawakukosa kozi. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza wanaamini nini hasa na kusubiri jibu.

Lillian McDermott wa Chuo Kikuu cha Washington alilielewa hilo mapema. Yeye na wenzake walijenga kozi za fizikia kwa ajili ya walimu, wakazikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1996, na moja ya kazi zao huanza na vitu vitatu tu: betri moja, balbu ya tochi, na kipande cha waya. Iwashe balbu. Mtu mzima mwenye elimu huunganisha waya kutoka ncha ya betri hadi kitako cha balbu, akaona kiza. Hujaribu ncha nyingine. Kiza. Anauwazia umeme kama maji yanayotoka bombani na kuishia kwenye ndoo. Ni mpaka aishike balbu na kuichunguza ndipo atakapogundua kwamba lazima iguswe sehemu mbili, kitako na ubavu wa chuma wenye hesi, kwa sababu uzi mwembamba wa ndani una miguu miwili, mmoja ukishuka kitakoni na mwingine ubavuni, na njia ya umeme ni mzunguko uliokamilika. Mwalimu aliyepita katika kiza hicho akimwona mtoto ameshika waya mmoja na kukunja uso, hamnyang'anyi ili amwonyeshe. Anajua mtoto amefika wapi. Lee Shulman wa Stanford aliandika mwaka 1986 kwamba kuna maarifa yaliyo ya mwalimu peke yake: kulijua somo kwa namna ya kulifanya lieleweke, pamoja na kujua wanafunzi hukwama wapi na kwa nini. Mhandisi hahitaji kujua mtoto wa miaka tisa anauonaje umeme. Mwalimu asipojua hilo, kazi imemshinda.

Pingamizi gumu zaidi ni la muda. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, sayansi hupata wastani wa dakika 18 kwa siku, na kusoma na kuandika dakika 89. Ni karibu theluthi moja tu ya walimu wa shule za msingi waliojiona wameandaliwa vizuri sana kufundisha sayansi. Sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002 iliagiza mitihani ya kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na kilichopimwa ndicho kilichopewa muda. Kwa nini basi kumtesa mwanachuo na mierebi na balbu kwa ajili ya dakika 18? Mimi naona ufinyu wa muda unaidai kazi hii zaidi. Mwenye saa nzima anaweza kupotea na kurudi njiani. Mwenye dakika 18 lazima ajue swali lipi liulizwe kwanza. Tena kusoma hakushindani na sayansi kama inavyodhaniwa, kwani mtoto aliyepima mpira ana jambo la kuandika, na ana sababu ya kutafuta kitabuni kama kuna mwingine aliyeona alichokiona. Wanaopendekeza mwalimu maalumu wa sayansi kila shule siwapingi, pale fedha zipo. Ila mwalimu huyo naye atahitaji kufundwa vile vile.

Wapo pia wanaohofu kwamba viwango vya jimbo vinaua udadisi wenyewe unaohubiriwa. Vikisomwa kama orodha ya kukamilisha, ndiyo, vitaua. Lakini kiwango kile cha mmea hakimwambii mwalimu aanzie wapi, na hapo ndipo penye kazi ya mkufunzi. Ushahidi mmoja kwamba udadisi hukuzwa na namna ya kufundisha ulipatikana huku kwetu. Katika miaka ya 1960 mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliosaidiwa na kituo cha maendeleo ya elimu cha Massachusetts, ulifika Kenya, na Eleanor Duckworth, aliyesoma kwa mwanasaikolojia Piaget, alipewa kazi ya kuupima. Mtihani wa karatasi haukumtosha. Aliwawekea watoto vifaa mezani, akawaacha, akaangalia watabuni nini cha kufanya navyo. Waliokuwa wamesoma kwa mradi huo walikuwa na mawazo mengi zaidi ya kujaribu kuliko wenzao. Baadaye, akiwafundisha walimu Harvard, aliwataka wauangalie mwezi kwa wiki nyingi na kuandika walichoona: ulikuwa wapi, saa ngapi, umbo gani. Watu wazima huanza zoezi hilo wakiwa na hakika kwamba mwezi ni wa usiku, kisha wanaukuta saa nne asubuhi juu ya paa la jirani. Mwalimu aliyeukuta huko akiulizwa na mtoto wa darasa la kwanza kwa nini mwezi umetoka mchana, ana la kumwambia: ulikuwa upande gani, na kesho saa hizi unadhani utakuwa wapi?