Heko kwa Wanaousoma Uvimbe

Mpasuaji husifiwa, na anastahili. Lakini anayeelekeza matibabu ya saratani ya titi baada ya upasuaji ni mwanapatholojia, ambaye mgonjwa kwa kawaida hamwoni kabisa. Yeye na mafundi wa maabara hupaka wino kingo za nyama iliyotolewa, huigandisha kwenye nta, huikata vipande vya takriban maikroni 4, kisha huvisoma kwa hadubini. Seli za saratani zikigusa wino, yaani zikifika ukingoni, huenda mgonjwa akarudishwa chumba cha upasuaji. Seli zikiwa na vipokezi vya homoni ya estrojeni, dawa ya tamoksifeni ina kazi. Zisipokuwa navyo, mgonjwa huepushwa miaka ya vidonge visivyomsaidia.

Wapo wanaolalamika kuwa majibu huchelewa, na uchungu wa kusubiri si mdogo. Ila sehemu ya muda huo haipunguziki: nyama ya titi huhitaji kukaa kwenye formalini, kimiminika cha kuihifadhi, saa 6 hadi 72, na ikiharakishwa kipimo cha homoni kinaweza kupotosha. Wiki zinazozidi hapo mara nyingi hutokana na uhaba wa wataalamu na vitendanishi, na hilo waulizwe wenye bajeti. Wengine husema ripoti haieleweki. Ni kweli, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa na daktari wake mstari kwa mstari: kingo, tezi za kwapani, daraja la uvimbe, vipokezi vya homoni, na protini ya HER2.