Mwangwi Unaopanda

Kazi ya studio ina mengi ya kuchosha, lakini ndani yake upo ufundi mmoja ninaousifu bila kusita: kuutia wimbo mwangwi. Na katika mwangwi wa kila aina, ule ambao mafundi huuita shima ndio unaonishika zaidi, hasa kwa vile siku hizi fundi wa Kamembe, hapa Rwanda, anaweza kuupata bila kutoa hata faranga moja.

Shima ilivuma miaka ya 1980 kupitia kazi za Brian Eno na Daniel Lanois, watayarishaji wa The Unforgettable Fire, albamu ya U2 ya 1984. Sauti huingia kwenye mwangwi, mwangwi ukapandishwa oktava moja, kisha ukarudishwa mwanzo uzunguke upya. Noti yenye mitetemo 220 kwa sekunde huzaa ya 440, hiyo ikazaa ya 880, hiyo nayo ya 1,760, kila mtoto akiwa hafifu kuliko mzazi wake, hadi mkia wa sauti unakuwa wingu linalong'aa juu ya wimbo. Wakati ule kazi hiyo ilitaka mashine za bei ya kutisha. Leo Supermassive, programu ya mwangwi ambayo kampuni ya Valhalla DSP ya Marekani huigawa bure tangu 2020, yatosha kuanzia.

Yenyewe haina kipandisha sauti. Fundi hufungua chaneli ya pembeni, akatanguliza kifaa cha kupandisha oktava, ndipo Supermassive ikafuata. Hapo amepata ngazi moja tu. Akitaka ngazi zote, hurudisha kiasi kidogo cha mwangwi kwenye chaneli hiyohiyo, ikiwa programu yake ya kurekodia inaruhusu. Mkono usiondoke kwenye kitufe cha kiasi hicho, maana ukizidisha kidogo tu sauti hujilisha yenyewe hadi ikapiga yowe.

Huku wilayani Rusizi kazi nyingi ni za kwaya, na kwaya zetu huimba Kinyarwanda na Kiswahili pia, kwa kuwa Bukavu ya Kongo iko ng'ambo ya daraja. Hapo ndipo ufundi unapopimwa. Kanisa lenye paa la bati na sakafu ya saruji lina mwangwi wake tayari, na kuongeza mwingine juu yake ni kumwaga maji kwenye uji. Kwa hiyo maikrofoni zisogezwe karibu na vinywa, na mvua ikianza kupiga bati, watu wapumzike. Besi isipelekwe kwenye shima kabisa: noti yake ya 110 ikipanda inakuwa 220, inaangukia palepale alto na tenori wanapoimba, maneno yakavurugika. Soprano nayo ikipandishwa huchoma masikio. Mimi humpa alto nafasi hiyo. Sauti yake iko katikati, na ikipanda haichomi kama ya soprano.

Herufi "s" ipunguzwe ukali kabla ya kuingia, la sivyo kila "msalaba" utapiga mluzi. Mwangwi ucheleweshwe milisekunde 80 hivi, neno lipite kwanza, ndipo mkia ufuate. Na sikiliza irabu zinavyotofautiana: "i" ya mwisho wa neno huwaka juu kabisa, "u" hubaki gizani. Fundi aliyekisikiliza Kiswahili kwa makini hukipandisha kitufe kwenye "i" na "a" za mwisho wa mstari, kisha akakishusha kabla mstari mwingine haujaanza. Kazi hiyo haifanywi na programu yoyote, ya bure wala ya kununua. Ni sikio na kidole.

Ala ninayoiona inafaa zaidi kwa shima, kuliko hata kwaya, ni inanga, ala yetu ya nyuzi. Burundi, inayopakana nasi kule Bugarama, ina namna ya kuipiga huku mwimbaji akinong'ona. Mnong'ono hauna noti. Nyuzi ndizo zinazoupa wimbo, hata ukadhani mnong'ono wenyewe unapanda na kushuka. Ukiupeleka kwenye shima utapata mvumo wa hewa tu. Zipeleke nyuzi peke yake, kwa maikrofoni yake iliyo karibu na ubao, na mnong'ono uuache mkavu mbele kabisa: mzee ananong'ona sikioni mwako, na nyuma yake nyuzi zinapanda ngazi hadi zinapotea. Sijui pambo la studio linaloiheshimu ala hii kuliko hilo.

Kipimo changu cha kiasi ni kimoja. Ukiisikia shima waziwazi, imezidi. Izime, ukiona wimbo umepungukiwa na kitu, hapo kiasi kimetimia. Kisha usikilize kwenye simu, maana huko ndiko watu wanakousikilizia, na faili ikishabanwa kwa kutumwa huku na kule mkia mrefu huchakaa kabla ya kitu kingine chochote.

Basi ndugu yangu uliye Kamembe, Bugarama au ng'ambo Bukavu, mwenye kompyuta na hedifoni: pakua programu hiyo, lakini kabla ya kuifungua mtafute mzee anayeijua inanga umrekodi kwa karibu, bila mwangwi wowote. Rekodi hiyo safi itunze mahali pawili. Shima unaweza kuiweka hata mwakani.