Gia Kwanza, Kitambaa Baadaye

Wenye malori ya rimoti yanayokimbizwa kwenye mchanga na matope hubishana sana kuhusu vifuniko: soksi gani ya nailoni ivalishwe mota, kitambaa gani kifunike fremu, tundu lipi lizibwe. Mabishano hayo yana faida, ila yanaanzia mwisho. Vumbi halijipeleki lenyewe ndani ya mota. Hubebwa na hewa, na hewa imeachiwa njia kwa sababu mota inahitaji kupozwa. Inahitaji kupozwa kwa sababu umeme mwingi unapita kwenye koili zake, na wingi wa umeme huo huamuliwa na gia kuliko kitu kingine chochote ambacho mwenye gari anaweza kukibadilisha kwa bisibisi na dakika chache. Ndiyo maana nashikilia kwamba kinga ya kwanza dhidi ya uchafu ni kupunguza meno ya ile gia ndogo iliyo kwenye ekseli ya mota. Vifuniko vinafuata. Anayeziba kabla ya kupunguza joto anaibadilishia mota ugonjwa tu: iliyokuwa ife kwa mchanga itakufa kwa kuungua.

Tuanze na mota ya kaboni ya ukubwa uitwao 540, ambayo ndiyo iliyoenea kwenye magari ya bei nafuu. Ganda lake ni la chuma, lenye kipenyo cha milimita 36 hivi. Ndani yake kuna sumaku mbili zilizobandikwa ukutani, amecha yenye koili inayozunguka katikati yake, na upande wa nyuma kaboni mbili zinazosukumwa na springi zigandamane na komuteta, yaani kile kisilinda cha shaba kilichokatwa vipande vitatu. Punje ya mchanga ikiingia kati ya kaboni na shaba huchimba mfereji na kuiinua kaboni kidogo. Pale ilipoinuka, cheche zinaruka. Cheche zinaunguza shaba, shaba iliyoparara inaila kaboni kwa kasi, na unga wa kaboni unajaa kwenye nafasi zinazotenganisha vile vipande vitatu hadi umeme unaanza kuvuja kutoka kimoja kwenda kingine. Uharibifu huo hujilisha wenyewe: mchanga ulioanzisha kazi unaweza kuwa umeshatoka zamani, na mota inaendelea kujitafuna. Upande mwingine ziko bushi. Mota nyingi za bei ya chini hazina beringi, zina bushi za madini yenye vitundu vilivyonyweshwa mafuta. Mafuta yanashika vumbi laini, na mchanganyiko huo unasaga kama dawa ya kung'arishia chuma. Tundu linapanuka, amecha inacheza, kaboni zinarukaruka juu ya komuteta, na tunarudi kwenye cheche zilezile.

Aina ya mchanga nayo ina neno lake. Mchanga wa kwazi ni mgumu kuliko shaba kwa mbali: 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati shaba ni 3 hivi. Mchanga mweupe wa matumbawe, kama ule wa fukwe za mashariki ya Unguja, ni laini zaidi na unakaribiana na shaba yenyewe, kwa hiyo haukwaruzi kwa kasi ileile, ingawa huja na chumvi, na chumvi ina namna yake ya kuua. Mchanga mbaya kupita yote ni ule wenye punje nyeusi za magnetiti, unaopatikana penye asili ya volkano na kwenye kingo za baadhi ya mito. Punje hizo hunaswa na sumaku za mota na hazitoki hata ukipuliza upepo wa kompresa mchana kutwa. Zinabaki ndani ya ule mwanya mwembamba kati ya sumaku na amecha, zikisugua.

Watengenezaji wamelijua tatizo hili tangu mwanzo, na jinsi walivyolishughulikia inafundisha. Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa Sand Scorcher, gari lililokusudiwa mchangani hasa. Vifaa vya redio na betri viliwekwa ndani ya sanduku la plastiki linalozuia maji. Mota iliachwa nje ya sanduku. Huo haukuwa usahaulifu: redio haitoi joto la kutisha, mota inatoa, na kuifungia kwenye sanduku la plastiki lisilopitisha hewa kungekuwa kuipika. Mwaka 1987 ikaja Clod Buster, lori la magurudumu makubwa lenye mota mbili, moja kwa kila ekseli. Hapo gia zilifungiwa ndani ya makasha yake, lakini mota zikabaki wazi, karibu kabisa na magurudumu yanayorusha tope. Kampuni ya Marekani ya Traxxas ilipoleta lori liitwalo Slash mwaka 2008, iliipa mota ndefu zaidi, ya ukubwa wa 550, yenye feni yake ndani. Feni ya ndani huvuta hewa ya uwanjani na kuipitisha juu ya koili na kaboni, pamoja na kila kinachoelea ndani ya hewa hiyo. Inaelekea waliochagua hivyo walipima vitu viwili na kuona kwamba joto lingeua haraka kuliko vumbi. Sidhani walikosea, kwa nguvu waliyotaka gari liwe nayo. Ila uamuzi huo unaonyesha wazi kwamba njia ya vumbi na njia ya kupozea ni mlango mmoja.

Njia hizo mbili zinaweza kutenganishwa, na mfano haupo mbali. Mota ya mashine ya kusaga mahindi inafanya kazi siku nzima ndani ya unga unaoelea hewani, na kwa kawaida haina tundu hata moja la kuingiza hewa kwenye koili. Mwili wake umezibwa, nje una mapezi ya chuma, na nyuma kuna feni chini ya kofia inayopuliza hewa juu ya mapezi hayo. Hewa ya kupozea haikutani kabisa na shaba. Lakini mpango huo unakubali kwa sababu mota imetengenezwa kubwa na nzito kulingana na mzigo wake. Joto lina eneo pana la kutokea. Mota ya rimoti inadaiwa nguvu nyingi kutoka kwenye mwili unaoenea kiganjani. Ukitaka kuifunga kama ile ya mashine ya unga, sharti kwanza upunguze joto linalozaliwa ndani yake.

Hapa ndipo gia inapoingia. Nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye mota inaendana na umeme unaopita, lakini joto la koili linaendana na umeme huo ukizidishwa kwa wenyewe. Chukua gari lenye gia ndogo ya meno 20, uweke ya meno 17. Ili tairi lisukume mchanga kwa nguvu ileile, mota sasa inadaiwa asilimia 85 tu ya nguvu ya kuzungusha ya awali. Umeme unashuka karibu kwa kiwango hicho, na joto la koili linashuka hadi asilimia 72. Ukifika meno 16, umeme ni asilimia 80 na joto ni 64. Zaidi ya theluthi ya joto imeondoka kwa gharama ya kipande kidogo cha chuma. Faida haiishii hapo, kwa sababu shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka: kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi unapanda kwa asilimia 31 hivi. Mota inayofanya kazi ikiwa baridi inatoa joto dogo zaidi kwa umeme uleule. Akiba hiyo ndiyo inayolipia kifuniko. Bila hiyo, kila tundu unaloziba ni deni.

Atasema mtu: gari litapungua kasi. Ni kweli, kwa asilimia 15 katika mfano wa kwanza, ukilikimbiza kwenye lami iliyonyooka hadi mwisho wa uwezo wake. Kwenye mchanga mlaini au tope, hata hivyo, lori lenye gia ndefu, yaani ile gia ndogo ikiwa na meno mengi, mara nyingi halifiki kasi hiyo. Mota inakabwa chini, ambako inakula umeme mwingi na kuubadilisha kuwa joto badala ya mwendo. Gia fupi inaweza hata kuharakisha gari mahali pa namna hiyo. Hoja yenye uzito zaidi ni ya kaboni: mota ikizunguka haraka kwa mwendo uleule wa gari, kaboni husuguliwa mara nyingi zaidi. Nakubali. Lakini kusuguliwa kwenye shaba safi na baridi ni uchakavu wa kawaida unaolingana na saa za kazi, na kaboni zinabadilishika kwenye mota zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Vanishi ya koili ikishaungua hakuna cha kubadilisha ila mota nzima, maana nani atakaa kuisuka upya mota ya ukubwa ule?

Sasa vifuniko. Soksi ya nailoni inayovutwa juu ya mota ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Inazuia kokoto, nyasi na nyuzi, na hilo si dogo, kwa kuwa uzi mmoja ukijisokota kwenye ekseli unaweza kuharibu bushi. Vumbi laini linapita kwenye matundu yake. Tope likiipata, soksi inageuka ukuta, na feni iliyo nyuma yake inazungusha hewa iliyokwisha kuchemka. Kasoro iko kwenye eneo zaidi ya nyenzo: matundu ya mota yote kwa pamoja ni sentimita chache za mraba, kwa hiyo hewa inayopita hapo ina kasi, inabeba uchafu na kuubandika palepale. Kitambaa kinachofunika fremu nzima, tuseme sentimita 30 kwa 20, kina eneo la takriban mara mia. Kiasi kilekile cha hewa kinapita polepole sana, vumbi zito linaanguka kabla ya kufika, na tope likiziba robo ya kitambaa bado robo tatu zinapumua. Kama ni lazima kuchagua kifuniko kimoja, nachagua hicho, na mota naiachia matundu yake.

Wapo wanaoona kwamba mota zisizo na kaboni zimemaliza mjadala. Zimeufupisha. Koili zimekaa ukutani, karibu na ganda, na joto linatoka nje bila kuvuka mwanya wa hewa. Ndiyo sababu nyingi zinaweza kuzibwa kabisa, na kwa lori la matope hakuna chaguo bora. Zilizobaki na matundu ni hasa zile za mashindano, ambako uwanja umeandaliwa na mota hufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Lakini hata iliyozibwa ina beringi mbili zinazotazama uchafu. Beringi yenye ngao ya chuma huacha upenyo mwembamba ambao vumbi linaujua. Yenye mpira inagusa pande zote na kuzuia vizuri zaidi, kwa msuguano kidogo wa ziada. Na sumaku za neodimiamu zilizomo ndani zinapoteza nguvu zikizidishiwa joto, zile za daraja la kawaida kuanzia nyuzi 80 hivi. Gia ileile tena.

Usafishaji una mtego wake. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme huondoa unga wa kaboni vizuri, na huondoa mafuta ya bushi vilevile, kwa hiyo tone moja la mafuta mepesi kila upande lisisahauliwe. Petroli isikaribie kitu chenye cheche.

Jambo la mwisho ni kipimajoto. Wengi huchagua gia kwa kupima joto la ganda baada ya kukimbiza gari, na nyuzi 80 huchukuliwa kuwa mpaka. Kwenye ukavu njia hiyo inafaa. Kwenye maji na tope inadanganya: maji yanapoza ganda huku kaboni na koili zikiwa taabani, mwenye gari anasoma namba ndogo, anaongeza meno. Mwongozo wa Traxxas wa magari yenye mota za kaboni unakataza kupanga gia kwa joto kwenye hali hiyo. Gia ya siku ya mvua huchaguliwa siku ya jua, kisha hupunguzwa meno mengine mawili.